Wimbo wa Kukimbilia

Jumatatu, 16 Novemba 1987

Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Kurasa za mbele zina ramani za mito na alama nyekundu za mwalimu. Za nyuma zilibaki tupu, na kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne uliisha Ijumaa, sasa ni zangu.

Leo baba amerudi kutoka ofisini, akavua viatu, akanitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu.

"Mwalimu Lukas amenisimamisha njiani," akasema. "Anasema wewe unajua kukimbia. Mimi nilidhani unajua kunyamaza tu."

Mwalimu Lukas ndiye anayekusanya timu ya riadha ya mkoa. Anataka wasichana wawili wa mita elfu tatu. Watakaochaguliwa watakwenda kambini Mwanza, na kutoka kambini mashirika huwachukua kazini ili wakimbie kwenye timu zao. Mchujo wa kwanza utakuwa Bunda mwezi ujao, wa mwisho hapa Musoma mwezi Januari.

"Nakupa mpaka Januari," baba akasema. "Ukichaguliwa, nenda. Ukikosa, unakwenda Mugeta kwa shangazi yako Shida. Binti yake ameolewa, amebaki peke yake na ng'ombe. Na huko, Skola, msichana aliyemaliza shule hakimbii barabarani kama mbuzi aliyekata kamba. Ujue hilo mapema."

Nimesema, "Ndiyo, baba." Nilitaka kusema zaidi.

Jumatano, 18 Novemba

Nimekimbia alfajiri kutoka hapa Kigera mpaka karibu na ziwa na kurudi. Nimegundua jambo la aibu: siwezi kukimbia bila wimbo.

Shuleni tulikuwa tunakimbia mchakamchaka kila asubuhi, na Ghati ndiye aliyekuwa anaongoza. Ghati ana sauti ya kuamsha mji. Anaita, "Jua limelala wapi?" sisi tunajibu, "Ng'ambo!" Anaita, "Nani kaliamsha?" tunajibu, "Sisi!" Katikati anaingiza mambo yake, baiskeli ya mwalimu mkuu, maharage yenye wadudu, na sisi tunacheka huku tunakimbia. Miaka minne mimi nimejibu tu. Kwa hiyo nikiwa peke yangu nina nusu ya wimbo. Leo nimepita barabarani nikisema kimoyomoyo, Ng'ambo, Sisi, Ng'ambo, Sisi, kama mtu anayejibu maswali ambayo hakuulizwa. Baada ya dakika kumi miguu ikasahau kilichokuwa kinaisukuma.

Alhamisi, 19 Novemba

Mvua. Sikukimbia.

Jumamosi, 21 Novemba

Baba amenituma kwa Salum, fundi redio, kufuata redio kaseti yetu. Sikutaka. Nyuma ya kibanda cha Salum kuna ua, na uani vijana wenye vifua wazi wananyanyua vyuma. Shuleni tulikuwa tunaambiwa pale ni kwa wahuni, na mimi nilikuwa navuka barabara kabisa nisipite mlangoni.

Salum hakuwa kibandani. Nikasikia muziki uani, nikachungulia. Vyuma vyenyewe ni bomba la maji, kila upande kopo la rangi lililojazwa saruji. Vijana watano walikuwa wamekaa wanapiga soga. Muziki wa dansi ulikuwa ukienda polepole, mwimbaji analalamika juu ya mke wake. Mara magitaa yakachangamka, ikaingia chemko, na wote watano wakaruka kama walioitwa na polisi, kila mmoja na chuma chake. Chemko ilipoisha wakaweka chini, wakaendelea na soga pale pale walipoiachia.

"Ndivyo walivyo," sauti ikasema pembeni yangu. Alikuwa mama yake Salum, Bi Mwanaupe, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. "Wimbo wa dakika saba, kazi dakika mbili. Wewe ni wa nani, mwanangu?"

"Shikamoo. Wa Stanislausi. Nimefuata redio."

"Marahaba. Salum! Njoo, kuna mgeni! Na nyie vaeni mashati!"

Wakavaa. Wote watano, haraka kuliko walivyonyanyua vyuma. Sijui nilikuwa naogopa nini miaka yote.

Jumanne, 24 Novemba

Nimerudi kwa Salum kwa hiari yangu. Bi Mwanaupe alinidadisi mpaka nikasema shida yangu ya wimbo, naye akamweleza Salum kwa sauti ambayo hata vijana wa vyuma walisikia. Hawakucheka. Kila mmoja alikuwa na shauri.

"Taarabu," akasema Bi Mwanaupe.

"Mama, taarabu mtu anakimbia na taarabu? Hiyo ya kukaa na kusema watu."

"Kwani anayesemwa hakimbii?"

Salum akaniwekea kaseti moja moja, mimi nikakimbia palepale karibu na kigoda, macho chini. Taarabu iliniambia nikae. Kwaya ilikwenda vizuri, lakini kila ubeti ukiisha wanakwaya wanavuta pumzi ndefu na mimi nikajikuta nasimama. Dansi ndiyo mbaya zaidi: nilitambaa na yule mume mwenye malalamiko, kisha chemko ikanishika nikapiga mbio hata nikamwaga mchele.

"Hiyo itakuua," Salum akasema akiokota punje. "Chemko inakuja inapotaka yenyewe, haiji unapokaribia kamba ya kumalizia. Wewe unataka wimbo usiobadilika mwendo. Ule wa shule ulikuwaje?"

Nikamwambia nina nusu.

"Na nusu nyingine anayo nani?"

Nilijua angeuliza.

Jumamosi, 28 Novemba

Ghati anakaa Nyasho kwa kaka yake. Nimezunguka nyumba mara mbili kabla ya kubisha hodi. Alitoka na povu la sabuni mikononi.

"Kimya!" Ndilo jina alilonipa kidato cha kwanza. "Leo umetembea mwenyewe mpaka Nyasho? Umeshasema maneno mangapi tangu asubuhi? Haya, ongeza moja."

Nikamwambia nataka sauti yake kwenye kaseti. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema kwamba na yeye anakwenda mchujo wa Bunda, mita elfu tatu, na kwa nini amsaidie mtu atakayempita? Sikuondoka. Akajifuta mikono.

"Nitakuja. Lakini utajibu wewe. Mimi nikiita peke yangu nilikuwaga najisikia mwendawazimu."

Sikujua kwamba Ghati naye alikuwa na nusu.

Mchana huohuo, kibandani, Salum alifuta kaseti moja ya zamani, akachomeka kinasa, akatuambia tukimbie palepale tusipoteze mwendo. Ghati akaita, mimi nikajibu, dakika kumi na mbili nzima. Ni mara ya kwanza nimejibu peke yangu bila sauti za wenzangu kunifunika. Tulipomaliza tu umeme ukakatika, kwa hiyo tulishindwa kusikiliza. Salum akanipa kaseti niende nayo.

Jumapili, 29 Novemba

Nimeisikiliza nyumbani. Sauti ya Ghati ni nzito, ya kifuani. Yangu pia. Baba aliacha chai yake.

"Huyo ni Ghati au ni padre?"

Ndivyo kaseti zinavyofanya sauti, nadhani. Sijawahi kumsikia mtu ninayemfahamu akitoka kwenye redio. Lakini mwendo ni mzuri, mtulivu. Nimekaa kizingitini nikausikiliza mara tatu mpaka ukaingia mwilini.

Alhamisi, 3 Desemba

Nakimbia nao kichwani kila siku. Sasa sichoki.

Jumatatu, 7 Desemba

Betri za redio zimelegea tena. Nimezianika juu ya bati mchana kutwa, jioni zikaimba tena. Sasa madukani betri zimerudi, lakini baba anasema betri haijafa mpaka jua lishindwe.

Jumatano, 9 Desemba

Uhuru. Gwaride uwanjani, mvua ikalivunja. Nimekimbia baada ya mvua. Sichoki kabisa. Najiona nimekuwa mtu mwingine.

Jumanne, 15 Desemba

Mwalimu Lukas ameniona barabarani, akapunguza baiskeli, akaniangalia kwa muda. "Unajipasha moto?" akauliza. Nilikuwa nimebakiza robo tu ya mazoezi. Nikasema ndiyo, kwa sababu ni rahisi kusema ndiyo.

Jumamosi, 19 Desemba

Bunda. Nimesharudi na nimeshalia, sasa naweza kuandika.

Tulikuwa wasichana kumi na mmoja. Wangechukuliwa sita. Bastola ilipolia wenzangu waliondoka kama wanafukuzwa na nyuki, na mimi nikajiambia: waache, watachoka, mimi nina wimbo wangu. Jua limelala wapi? Ng'ambo. Nani kaliamsha? Sisi. Mzunguko wa kwanza nikawa wa mwisho. Wa pili, wa mwisho. Wa tatu nikaanza kushangaa kwamba hakuna anayechoka. Nilikuwa nakimbia vizuri, mwendo ule ule, pumzi ile ile, na watu walikuwa wanazidi kuwa wadogo mbele yangu kwa sababu walikuwa mbali.

Kwenye mzunguko wa tano nilisikia mwanamume kando ya uwanja, "Binti, ukifika sokoni niletee nyanya!" Watu wakaangua kicheko. Aibu ile ndiyo iliyoniokoa. Niliuacha wimbo, nikakimbia bila chochote kichwani, vibaya, mikono inaruka huku na huku. Wengine walikuwa wamekwisha kweli sasa, mimi nilikuwa na nguvu zote ambazo sikuzitumia. Nikapita mmoja mmoja. Nimekuwa wa sita. Ghati alikuwa wa pili.

Alinifuata nilipokuwa nimeinama. Nilingoja anicheke.

"Kimya, una nini? Unaumwa?"

"Nilikuwa nakimbia na wimbo wetu."

"Wimbo wetu hauendagi hivyo hata siku ya msiba."

Jumatatu, 21 Desemba

Nimepeleka kaseti kwa Salum. Ameiweka kwenye redio yake inayotumia umeme. Ikatoka sauti ya Ghati, nyembamba, kali, ya haraka, ile ile ya mchakamchaka, na nyuma yake msichana anayejibu kama cherehani. Nilimtazama Salum, Salum akanitazama.

"Betri mlikuwa mnazianika?"

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa unakimbia na betri zilizokufa." Akaweka mkono mdomoni. Mabega yake yakawa yanatikisika. "Samahani, dada. Samahani. Mimi fundi, ningekuuliza. Betri ikichoka injini inavuta mkanda polepole, sauti inakuwa nzito. Wiki tatu umekuwa ukifanya mazoezi ya kwenda polepole!"

Bi Mwanaupe hakucheka. "Na amekuwa wa sita," akamwambia mwanawe. "Na betri zilizokufa amekuwa wa sita. Wewe mzima umewahi kuwa wa ngapi?"

Vijana wa vyuma wakampigia makofi bibi. Mimi pia nikacheka, mwishowe. Nimegundua kwamba nikicheka mbele ya watu hakuna kinachotokea.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi, Butiama, kwa mama na wadogo zangu, wanaokaa shambani huku mimi na baba tuko mjini. Misa ndefu, wali, kuku. Mama ananiambia nimekonda, kisha ananiambia nimependeza. Sikukimbia, sikuona haya kutokukimbia.

Jumamosi, 2 Januari 1988

Ghati amekuja kubisha hodi hapa Kigera. Anasema tangu Bunda anaogopa mizunguko ya mwisho. Anaanza vizuri, kisha kifua kinafunga. Anataka tufanye mazoezi pamoja. Anaita yeye, najibu mimi. Nilimkumbusha kwamba nafasi ni mbili na yule askari polisi wa Tarime aliyemshinda Bunda atachukua moja.

"Najua hesabu," akasema. "Lakini peke yangu nachoka."

Jumanne, 5 Januari

Tumekimbia kabla ya jua. Wanawake wanaotoka ziwani na ndoo walitujibu.

Jumamosi, 9 Januari

Leo Ghati amekataa kuita. "Ita wewe." Nikamwambia siwezi. Tukakimbia kimya mpaka karibu na shule, na kimya chenyewe kikawa kizito kuliko aibu. Nikaita. Ilitoka kama mlango unaohitaji mafuta. Ghati akajibu kwa nguvu zake zote, kana kwamba nimeita kama askari. Nikaita tena. Mara ya tano nikaingiza kitu changu, habari ya betri juu ya bati. Ghati alicheka akajikwaa.

Nilikuwa namwona msichana wa makelele. Kumbe yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akinisubiri niseme.

Jumatano, 13 Januari

Baba amemwandikia shangazi Shida barua. Hajaipeleka posta. Imekaa mezani chini ya bakuli la sukari.

Jumamosi, 16 Januari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Uwanja ulikuwa na watu, si wengi. Salum alikuja na vijana wote watano, wamevaa mashati. Baba alisimama peke yake, mikono nyuma, kama yuko ofisini. Tulikuwa sita. Nafasi mbili, mizunguko saba na nusu.

Yule askari aliondoka mapema na hatukumwona tena ila mgongo. Mimi na Ghati tukabaki pamoja, wengine nyuma yetu kidogo. Mwendo ulikuwa wa kweli sasa, ule wa umeme. Mzunguko wa tano nilisikia pumzi ya Ghati ikibadilika. Ilikuwa inakwaruza. Hatua mbili akabaki nyuma, kisha nne. Nyuma yake msichana wa Serengeti alikuwa anakuja.

Nilikuwa wa pili. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda tu. Nilijua hivyo kabisa, sitajidanganya humu kwamba sikujua.

Nikaita. "Jua limelala wapi?"

Sauti yangu ilivuka uwanja. Nilimwona baba akigeuza kichwa kutafuta ni nani.

"Ng'ambo!" Ghati akajibu, kwa shida.

"Nani kaliamsha?"

"Sisi!" Hiyo ilikuwa na nguvu zaidi. Na vijana wa Salum wakajibu pia, na watoto waliokuwa juu ya ukuta. Nikaendelea kuita mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho, na kila nilipoita hatua za Ghati zilikaribia, hadi nikamsikia begani kwangu. Yule wa Serengeti akapotea. Tukaingia kona ya mwisho bega kwa bega, na mimi, aliyekuwa akiita mizunguko miwili, pumzi ikaniishia. Ghati hakuwa ameita. Alikuwa amejibu tu, na kujibu ni rahisi, nani ajuaye hilo kuliko mimi? Akanipita zikiwa zimebaki kama mita ishirini.

Nimekuwa wa tatu.

Alianguka kwenye nyasi, akanishika kifundo cha mguu, analia. "Umejinyima mwenyewe, Kimya. Umejinyima mwenyewe. Mjinga wewe."

Nilijaribu kukasirika. Nilitafuta hasira kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, mfuko huu, mfuko ule. Nimepata huzuni tu, na chini ya huzuni kitu kilichofanana na kushiba.

Jumapili, 17 Januari

Baba amepeleka barua. Kabla ya kutoka aliniuliza, "Ile sauti jana ilikuwa yako?"

"Ndiyo, baba."

Akasimama mlangoni kidogo. "Ya bibi yako," akasema. "Mama yangu alikuwa anaita hivyo."

Jumanne, 19 Januari

Ghati amepanda basi la Mwanza. Mimi nafunga mizigo.

Jumamosi, 23 Januari

Mugeta. Shangazi Shida ni mwembamba, mwenye maneno mafupi. Amenionyesha kitanda, mtungi, zizi. Nimemuuliza kama naweza kukimbia asubuhi. Akauliza, "Kwenda wapi?" Nikasema, kwenda na kurudi. Akaniangalia. "Kama ng'ombe wameshakamuliwa," akasema. Sijui kama ile ilikuwa ruhusa. Mvua zimepita na majani yamefika magotini.

Jumatatu, 25 Januari

Nimekamua kabla ya kupambazuka, nikatoka. Njia inafuata ukingo wa mto mdogo, hakuna nyumba karibu, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nikaimba nusu zote mbili kwa sauti. Naita, najijibu. Ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza. Bonde lote lilikuwa linanirudishia.

Sikujua kwamba huku mtu akikimbia na kupaza sauti alfajiri, maana yake ni moja tu: wezi wamechukua ng'ombe.

Nilisikia filimbi, kisha nyingine. Nikaona watu wakitoka kwenye majani, kwenye maboma, wanaume na pinde, marungu, mmoja na shuka tu na mkuki. Walikuwa kama thelathini. Mbele yao mzee mrefu, ambaye sasa najua ni Keraryo, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Nilikuwa katikati ya wimbo, pumzi juu, akanipigia kelele:

"Wamekwenda wapi?"

Na mimi, miaka minne ya kila asubuhi, mdomo ukajibu kabla ya akili:

"Ng'ambo!"

Wote thelathini wakavuka mto.

Nilisimama nikiwatazama wakipanda ukingo wa pili, mbio kweli, na nikaelewa nilichokifanya. Ningeweza kukimbilia nyumbani, nikajifungia. Skola wa Novemba angefanya hivyo. Nikaingia majini na raba zangu. Nimekimbia leo kuliko Bunda, kuliko Musoma, bila wimbo wowote, najikwaa kwenye vichuguu. Niliwapita wa nyuma, nikawapita wa katikati, wanafikiri nakuja kuwaonyesha njia na wananishangilia. Nikampita Keraryo mwenyewe, nikageuka, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Simameni! Hakuna ng'ombe! Hakuna aliyeibiwa! Nilikuwa naimba!"

Wakasimama. Mtu mmoja akakohoa.

"Ulikuwa unaimba," Keraryo akasema.

"Ndiyo. Shikamoo. Nafanya mazoezi. Mimi ni Skolastika, wa Shida."

"Wa Shida." Alikuwa anahema, mikono magotini. Akawageukia wenzake. "Mmeona? Thelathini sisi, na huyu ametoka nyuma ya mto, ametupita wote."

Mwenye shuka akasema, "Na amenipita mimi nikiwa na hasira."

Hapo ndipo walipocheka, mmoja kisha wote, wameegemea pinde zao. Nilidhani Keraryo atanikataza. Nilimwona akilifikiria. Akafuta jasho.

"Kukimbia kimbia," akasema. "Lakini kila asubuhi pita kwangu kwanza, uniambie unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Nitapiga filimbi moja, watu wajue ni wewe."

Jumanne, 26 Januari

Nimepita kwa Keraryo. Nimesema mpaka kwenye daraja, narudi jua likiwa juu ya kilima. Akapiga filimbi moja, ndefu, na kutoka ng'ambo ya bonde mtu nisiyemwona akaitikia. Nikaanza.